Mji, kobe, msitu au meli iliyozama: uchague nini ukiwa Unguja siku chache

Karibu kila likizo simu huingia. Mara ya mwisho alikuwa mpwa wangu wa Dodoma, kapata ruhusa ya siku tatu na tiketi ya boti anayo mkononi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Haya, niambie."

"Nimeona watu wanazama kwenye meli iliyolala chini ya bahari huko kwenu. Mimi nataka hiyo. Mwenzangu anataka kobe. Mama mkwe anasema akifika Zanzibar bila kuuona Mji Mkongwe hajafika. Tuanze na lipi?"

"Mwezi una siku ngapi leo?"

Akanyamaza. Nadhani alifikiri mjomba kazeeka.

Swali langu halikuwa la uzee. Unguja ni kisiwa, na matembezi yake karibu yote yana mkono wa maji ndani yake, hata yale ya mjini. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja maji ya bamvua: yanajaa hadi juu, yanatoka hadi mbali, tofauti ya kujaa na kupwa inafika mita nne hivi, na mkondo unakwenda kasi. Mwezi ukiwa nusu, siku ya saba au ya nane na tena kwenye ishirini na mbili hivi, huja maji mafu: bahari inapanda kidogo, inashuka kidogo, mkondo umelegea. Anayetaka fungu la mchanga aombe bamvua. Anayetaka kuzama aombe maji mafu. Anayechagua kwa kutazama picha peke yake anaweza kufika siku ambayo bahari haimtaki.

Kwa hiyo kabla sijataja mahali, hivi ndivyo vipimo nitakavyotumia kote. Muda, nikihesabu na kwenda na kurudi. Mfuko, bei sitazitaja kwa sababu hubadilika, na kwenye milango mingi mwananchi na mgeni hawalipi sawa (njoo na kitambulisho cha taifa, si picha yake iliyofifia kwenye simu), lakini nitasema kipi kinakula zaidi na kwa nini. Mwili, yaani miguu, mapafu, masikio na woga. Maji na msimu. Na mwisho, unachoondoka nacho, jambo ambalo watu hukumbuka kuliuliza wakiwa wameshalipa.

Nimechukua matembezi manne: Mji Mkongwe kwa miguu, kisiwa cha Changuu pamoja na fungu la mchanga, msitu wa Jozani, na mabaki ya meli ya Great Northern. Mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi nimeyaacha makusudi. Kwa mtu wa Muheza au Matombo, aliyekulia kati ya mdalasini na mikarafuu, kulipa ili aoneshwe jani la mdalasini ni kichekesho. Aliyekulia mjini na hajui pilipili manga inatambaa kwenye mti, hilo ni tembezi zuri la asubuhi moja, wala halihitaji kulinganishwa na lolote.

Mji Mkongwe kwa miguu

Muda: nusu siku inatosha ukiwa na haraka. Anzia soko la Darajani lililojengwa 1904, ingia Mkunazini, pitia Hamamni kwenye mahamamu aliyojengesha Sultani Barghash, kisha teremka taratibu hadi Forodhani jua linapoanza kupoa. Usiogope kupotea. Vichochoro vinazunguka lakini mji wenyewe ni mdogo, na ukifuata upepo wa baharini utatokea ufukweni.

Mfuko: hili ndilo la bei ya chini kuliko yote. Kutembea mitaani hakuna tiketi. Unalipa pale unapoingia makumbusho na kumbukumbu ya biashara ya watumwa, na ukitaka mtembezaji. Pesa nyingi hupotelea Forodhani usiku, kwa mgeni anayeonesha mishkaki kwa kidole bila kuuliza bei. Uliza kwanza, kisha kaa ule.

Mwili: miguu tu, lakini miguu kwelikweli. Sakafu si sawa, baraza zimetokeza, vespa zinapita ubavuni, na mvua ikinyesha mawe yanateleza kama sabuni. Mzee mwenye goti bovu atatembea, ila apangiwe vituo vya kukaa. Kiti cha magurudumu kitapata tabu kwenye ngazi na mitaro. Mavazi ya kufunika mabega na magoti yanakupa amani, na mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa hadharani mchana.

Maji na msimu: mji unatembeleka mwaka mzima, hata masika, maana mvua ikishika una pa kujibanza. Lakini siku za bamvua kuna kitu cha ziada. Maji hujaa karibu saa kumi jioni, yanafika kwenye ukuta wa Forodhani, na vijana wanaanza kuruka. Mmoja anakimbia kutoka mbali, anakunja magoti hewani, mwingine anajipindua kichwa chini, kundi lote linapiga kelele, na mgeni aliyekuja kununua juisi ya miwa anasahau kilichomleta. Asubuhi ya siku hiyohiyo pale palikuwa pakavu, mashua zimelala ubavu.

Unachoondoka nacho: hapa lazima nikae kidogo. Mji huu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, na milango yake ya kuchonga imepigwa picha mpaka imechoka. Mimi ningekupeleka Mkunazini kwanza. Soko la watumwa lililokuwa hapo lilifungwa 1873, kanisa likajengwa palepale. Nje kuna shimo lenye watu watano wa mawe, kazi ya 1998, mnyororo umewaunga shingoni, nao wameinuka usawa wa ardhi tu kiasi kwamba unawatazama kwa juu, na hiyo peke yake inakukosesha raha. Vyumba vya chini ya ardhi vilivyo jirani utaambiwa ndimo walimofungiwa watu kabla ya kuuzwa. Sikiliza, lakini ujue kwamba jengo lililo juu yake lilikuja baada ya soko kufungwa, na wapo wanahistoria wanaoipinga hadithi hiyo. Ukatili wa soko lenyewe haupungui kwa hilo.

Jumba la Maajabu, la 1883, liliporomoka sehemu yake Desemba 2020, basi usiijenge siku yako juu yake. Litazame kwa nje. Ukiwa pale mbele, geuka uangalie bahari. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilipiga kasri kwa muda usiozidi dakika 45, vita vinavyotajwa kuwa vifupi kuliko vyote, na meli ya Sultani iitwayo Glasgow ikazama papo hapo bandarini. Milingoti yake ilibaki imesimama juu ya maji kwa miaka mingi, hadi mabaki yalipovunjwa kuwa chuma chakavu 1912. Asiyetaka kulowa hata unywele, basi, naye anaweza kusimama mbele ya mahali ilipozama meli.

Linamfaa: mwenye siku moja, mwenye wazee, mwenye mfuko mwembamba, mpenda historia. Halimfai mtoto wa miaka sita baada ya saa ya pili.

Changuu na fungu la mchanga

Muda: asubuhi nzima. Mashua kutoka ufukwe wa mjini huchukua kama nusu saa, na kisiwa chenyewe ni kidogo. Ukiongeza fungu, rudi baada ya adhuhuri.

Mfuko: wastani. Gharama kubwa ni mashua, na mashua hukodishwa nzima, kwa hiyo watu sita wanalipa nafuu kuliko wawili. Kiingilio cha kisiwani ni cha pembeni. Hakikisha unaelewana na nahodha kuhusu saa ya kurudi kabla hujapanda. Nahodha anayesema "tutaona" usipande naye.

Mwili: kupanda mashua ukiwa ndani ya maji ya magoti, hicho ndicho kipimo. Asiyejua kuogelea anakwenda bila shida, mradi avae jaketi la kuokolea. Waulize kama yapo ya watoto.

Maji na msimu: hapa ndipo mwezi unapotawala. Fungu hutokeza maji yakipwa na humezwa yakijaa. Siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi, na unapata ukumbi wa mchanga mweupe katikati ya bahari. Siku za maji mafu saa hiyohiyo maji huwa yamejaa. Nililijua hilo na bado nilijidanganya: kuna mwaka niliwapeleka wageni siku ya nane ya mwezi kwa sababu ndiyo Jumamosi waliyokuwa nayo, tukashuka fungu likiwa halionekani, tumesimama maji yakiwa magotini na mikate ya ajemi tumeinua juu ya vichwa. Kobe walikuwepo, fungu halikuwepo. Kusi likivuma kwa nguvu, Juni hadi Septemba, safari ya kurudi mchana huwa na mawimbi ya kurusha maji ndani.

Unachoondoka nacho: kobe, na wanatosha. Wa kwanza wanne walikuja 1919 kama zawadi ya gavana wa Shelisheli, ni jamii ya wale wakubwa wa Aldabra. Umri umeandikwa kwa rangi kwenye gamba. Chuchumaa, mkune shingoni taratibu, na mnyama mwenye uzito wa watu wawili anainuka kwa miguu yote minne na kunyoosha shingo kama anayesubiri kunyolewa. Mtoto hasahau. Lile jengo wanaloita gereza lilijengwa 1893 lakini halikupata kutumika kufungia wahalifu. Likawa karantini ya wasafiri walioshukiwa kuwa na maradhi ya kuambukiza.

Linamfaa: mwenye watoto, kundi la marafiki, na anayetaka bahari bila kuingia chini yake. Anayesafiri peke yake ataumia kwenye gharama ya mashua asipopata wa kuchangia naye.

Jozani

Muda: nusu siku kutoka mjini, kilomita 35 hivi. Ukiwa unahamia pwani ya mashariki, Paje au Jambiani, unasimama njiani na hupotezi siku.

Mfuko: wastani wa chini. Kiingilio kinajumuisha mwongozaji. Daladala za Jambiani na Makunduchi zinapita langoni. Ukikodi gari, gari ndilo litakalokula pesa.

Mwili: rahisi. Njia fupi, tambarare, kivuli kingi. Viatu vya kufunika vidole, dawa ya mbu.

Maji na msimu: mvua ikinyesha sana msitu unajaa maji sehemu za chini, na mbu wanafurahi. Daraja la mbao kwenye mikoko ndilo linalohusika na kupwa na kujaa: maji yakijaa unaona maji kama kioo chini ya mizizi, yakipwa unaona tope na kaa. Yote mawili mazuri, na mimi napenda tope.

Unachoondoka nacho: kima punju, ambaye duniani kote asili yake ni hapa Zanzibar tu. Mgongo mwekundu, uso mweusi, nywele nyeupe zimemzunguka kama amevaa kilemba kibovu. Hana kidole gumba cha maana, na tumbo lake limeumbwa kumeng'enya majani na matunda mabichi. Amejifunza kula mkaa, unaosaidia kupunguza makali ya sumu iliyomo kwenye baadhi ya majani. Wakulima wa zamani walimpa jina la punju wakiamini kwamba miti aliyokula inakufa. Wanakaa karibu sana na watu, na hapo ndipo mgeni anapokosea: usiwape chakula, usinyooshe mkono, na dereva apunguze mwendo kwenye barabara ya pale, maana wengi wao wamegongwa na magari. Jozani na ghuba ya Chwaka ni hifadhi ya taifa tangu 2004, ukubwa wa kilomita za mraba 50.

Linamfaa: aliyechoka na bahari, mwenye watoto, mwenye wazee, anayeelekea kusini au mashariki. Anayetegemea kuona simba ataniuliza kwa nini nimemdanganya.

Great Northern, kwa mtungi wa hewa

Muda: mahali penyewe ni karibu na mji, kwenye mwamba uitwao Fungu, lakini usihesabu mwendo wa mashua tu. Mwenye cheti cha kuzama atatumia asubuhi moja kwa mizamo miwili. Asiye na cheti ana njia mbili: jaribio la siku moja, ambapo unafundishwa kwanza kwenye maji mafupi kisha unazama mwalimu akiwa ubavuni, bila kuvuka mita 12, au kozi ya cheti cha kwanza, siku tatu hadi nne, itakayokuruhusu kufika mita 18 popote duniani. Mwenye siku tatu za likizo asianze kozi. Atarudi nyumbani hajaona chochote isipokuwa bwawa na karatasi za maswali.

Mfuko: hili linakula kuliko mengine yote, mara kadhaa ya siku nzima ya Mji Mkongwe. Pesa inakwenda kwenye vifaa, mashua, mwalimu, mafuta, na ada za hifadhi kwa sehemu zenye hifadhi. Bei ikiwa ya chini ajabu, jiulize kilichopunguzwa ni nini. Maswali yangu matatu kwa ofisi yoyote ya kuzamia: mwalimu mmoja anachukua wageni wangapi? Mashua ina oksijeni ya dharura? Mara ya mwisho vifaa vilikaguliwa lini? Anayekujibu kwa utulivu ana majibu. Anayekucheka, ondoka.

Mwili: hapa ndipo penye uamuzi. Utajazishwa fomu ya afya, na usiidanganye. Pumu, moyo, kifafa, upasuaji wa karibuni wa masikio au mapafu vinahitaji daktari. Mjamzito hazami kabisa. Mafua yanayoonekana madogo nchi kavu yanatosha kukuzuia, kwa sababu kila mita 10 za maji zinaongeza shinikizo sawa na lile la hewa yote iliyo juu ya bahari, na sikio lililoziba haliwezi kulisawazisha. Unabana pua, unapuliza taratibu, unashuka kidogo, unarudia tena. Sheria kubwa ya pili: usizuie pumzi. Hewa uliyovuta chini inatanuka unapopanda, na mapafu yaliyofungwa hayana pa kuipeleka. Unapumua muda wote, unapanda polepole, unasimama mita 5 kwa dakika tatu kabla ya kutokeza.

Na mkono. Huku juu tunanyoosha kidole gumba kumaanisha poa. Chini ya maji kidole gumba kwa juu maana yake "napanda". Nilikinyoosha mara yangu ya kwanza kwa furaha, mwalimu akanishika koti la kuelea akaanza kunipandisha, nami nikashangaa nimekosa nini.

Maji na msimu: chagua maji mafu, mkondo ukiwa umelala na vumbi la baharini limetulia. Hata hivyo usitegemee maji ya kioo kama ya kisiwa cha Mnemba. Karibu na mji huwa na ukungu wa kijani. Masika, Machi hadi Mei, mito ya mvua huzidisha ukungu huo. Kusi likivuma, upande wa mji unapata kinga ya kisiwa chenyewe, kwa hiyo siku ambayo pwani ya mashariki imechafuka hapa panaweza kuzamika.

Unachoondoka nacho: Great Northern ilikuwa meli ya Waingereza ya kulaza nyaya za simu za maandishi (telegrafu) chini ya bahari, iliyoundwa 1870, ikapanda mwamba na kuzama 1902. Kina chake kirefu ni mita 12 hivi, ndiyo maana mgeni anaweza kuonjeshwa. Usitarajie meli nzima yenye usukani na ngazi. Unashuka kwa kamba, unaona kijani tu, halafu kivuli kirefu mno kuwa jiwe. Ni chuma. Boila bado lipo, nanga ipo, mbavu za meli zimesimama na matumbawe yamezivika. Kutu inaonekana ya kijivu, kwa sababu maji hula rangi nyekundu kwanza. Mwalimu akiwasha tochi, ghafla chuma kinawaka rangi ya matofali. Kwenye bomba moja alitoa kichwa mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, akafunua kinywa, akafumba, akafunua, kama mzee anayetafuta neno. Kuna samaki mwenye mapezi kama manyoya ya jogoo, mzuri sana, miiba yake ina sumu. Mikono ifumbate kifuani.

Kinachonipendeza ni kwamba ukitoka majini bado uko kwenye hadithi ileile. Waya wa simu kutoka Aden ulifika Zanzibar 1879 na kuendelea kusini hadi Durban, na jengo la zamani la kampuni ya simu liko Shangani, leo ni hoteli. Meli iko chini, ofisi iko juu, na kati yake ni mwendo mfupi wa mashua.

Mwenye cheti cha juu ana zaidi ya hapo. Kuna tishari la jeshi la maji la Uingereza kwenye kina cha mita 30 hivi, penye samaki bapa wakubwa waitwao taa na makundi ya kolekole. Kuna pia mabaki ya Pegasus, manowari iliyokuwa imetia nanga mbele ya mji kwa matengenezo Wajerumani wa manowari ya Königsberg walipoishambulia alfajiri ya 20 Septemba 1914. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa, na baadhi yao wamezikwa kisiwa cha Chapwani. Hapo ni kwa wazoefu, si kwa mgeni wa mtungi. Asiyezama na akipita Mombasa ataiona mizinga ya Pegasus na ya Königsberg imewekwa Fort Jesus, maadui wawili jirani.

Linamfaa: mwenye afya, mwenye subira, anayejisikia nyumbani ndani ya maji, na asiyepanda ndege kesho asubuhi. Baada ya kuzama mara moja subiri angalau saa 12 kabla ya kuruka. Mara mbili au zaidi, saa 18. Boti ya Dar haina tatizo hilo.

Jambo moja kwa wageni wetu. Tarehe 10 Septemba 2011 ilizama meli ya abiria Spice Islander, na 18 Julai 2012 ikazama Skagit. Kuna nyumba hapa Unguja na Pemba ambazo meza ya chakula ilipungua watu usiku mmoja. Great Northern ni ya zamani na haina kilio hicho, lakini ukiwa kwenye daladala usipige makelele kwamba umekuja kutafuta "meli zilizozama". Sema unakwenda kuzama kwenye mwamba. Utaeleweka.

Kulingana na hali yako

Una siku moja na boti ya jioni: mji asubuhi, na kama ni bamvua na unaamka mapema, Changuu kwanza kisha mji mchana. Kuzama achana nako siku hiyo. Ukichelewa majini utaikosa boti au utapanda ukiwa unahema.

Una watoto chini ya miaka kumi: kobe siku ya kwanza, kima siku ya pili. Mji uwe wa jioni, Forodhani, wakimbie nyasini. Watoto wadogo hawazamishwi kwa mtungi. Wengi wa walimu wanaanzia miaka kumi.

Una wazee: Jozani kwa gari la kukodi, na mji kwa awamu mbili, asubuhi mapema na baada ya alasiri. Changuu inawezekana kama mzee anaweza kuinua mguu hadi ukingo wa mashua. Mwulize yeye mwenyewe, usimwamulie.

Huna pesa nyingi: mji, na Jozani kwa daladala. Siku mbili, na hutajuta.

Umekuja masika: mji ndio tegemeo. Jozani ukipata asubuhi kavu.

Una siku nne au tano na moyo uko majini: zama siku ya kwanza au ya pili, ukiwa na akiba ya siku bahari ikikataa, ukaacha mji na msitu kwa mwisho, kabla ya ndege.

Mnatofautiana, kama mpwa wangu na wake: gawaneni. Hakuna sheria kwamba familia lazima itembee kama msafara wa ngamia. Alifika siku ya saba ya mwezi, maji mafu, nikampangia meli asubuhi ya pili. Mama mkwe akachukua Mkunazini na Hamamni na mwenyeji wa kike wa mtaani kwetu, akarudi na halua ya kutosha harusi. Ila mpwa wangu aliamka na mafua. Mwalimu alisikia sauti yake tu, akatikisa kichwa, hakutaka hata kuiona fomu. Basi wakakodi mashua, yeye na mkewe, wakaenda Changuu bila fungu, na picha aliyonitumia ni ya kobe aliyenyoosha shingo na yeye amechuchumaa pembeni, pua nyekundu.

Anarudi Desemba. Tarehe amenitumia wiki iliyopita, nizitazame kwenye kalenda ya mwezi kabla hajakata tiketi.